Filamu ya dola 200? Nani alipiga hiyo hesabu?

Kila akitokea mtu wa kuzungumzia Who Killed Captain Alex?, ile filamu ya mapigano na vichekesho iliyopigwa Wakaliga, Kampala, anaanza na jambo lile lile: imetengenezwa kwa dola zisizofika 200. Watu wanacheka, wanatumiana kile kipande cha helikopta inayoshambulia maghorofa ya Kampala, kisha wanaendelea na mambo yao. Mimi hesabu hiyo imenichosha.

Chukua bunduki peke yake. Filamu ina wanajeshi na majambazi kibao, na kila mmoja ameshika silaha. Nyingi zimetoka mikononi mwa Dauda Bisaso, fundi wa Wakaliga anayeokota chuma chakavu na mbao akakuchomelea bunduki ambayo kwenye kamera inatisha. Kwa watu wa filamu wa nchi nyingine hiyo ni idara nzima, ina ofisi na bajeti yake. Huku ni mtu mmoja na mashine ya kuchomelea, umeme ukiwepo.

Mwongozaji ni Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali kabla ya kushika kamera. Yeye ndiye mwandishi, mpiga picha na mhariri. Kompyuta aliiunga mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika. Kile kitambaa cha kijani cha kubandikia milipuko kilinunuliwa sokoni kikatundikwa ukutani. Mkewe, Harriet, ni nguzo ya kampuni yao ya filamu tangu mwanzo, ingawa jina lake huwa halifiki kwenye hizo habari za dola 200. Damu, hapo awali, ilikuwa ya ng'ombe kweli, imefungwa ndani ya kondomu ili ipasuke vizuri kifuani. Baadaye wakahamia kwenye rangi ya chakula, baada ya mwigizaji kuugua.

Na waigizaji? Hawakulipwa mshahara. Filamu ikishatoka, walibeba DVD wenyewe wakapita mlango kwa mlango kuuza, wakigawana mapato, mbio mbio kabla wezi wa kazi hawajaanza kudurufu. Jambazi uliyemwona akipigwa risasi juzi, leo yuko mlangoni kwako anakuuzia kifo chake.

Niliwahi kushinda kutwa nzima kwenye kazi ya filamu fupi hapa Dar, kazi yangu kushika ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Malipo yalikuwa chipsi mayai na ahadi. Kwenye bajeti sikuandikwa popote, na ile filamu nayo ikasifiwa kwa "gharama nafuu". Pengine ndiyo sababu hili linaniuma kuliko inavyostahili.

Jambo jingine linalonikera ni kudhani kwamba kichekesho chao ni cha bahati mbaya, eti walitaka kutisha wakaishia kuchekesha. Tuliokulia vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, tunaijua sheria: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Hawa wamemweka Kapteni Alex hadi kwenye jina la filamu, halafu wakamuua mapema, na aliyemuua hatuonyeshwi. Ndugu yake, mtu wa kung fu anayeitwa Bruce U, anaingia kutafuta kisasi. Huo ni utani wa watu wanaoijua filamu ya mapigano nje ndani.

Halafu kuna VJ Emmie, msimuliaji anayepiga kelele juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, akiwasifia makomandoo na kuwatania wahusika. Wageni humshangaa. Sisi tulikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro. Tunajua kwamba msimuliaji akiwa hodari, watu hulipa kiingilio kwa ajili yake. Nabwana mwenyewe utotoni hakuwa akiingia kwenye mabanda ya video. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda, kisha anarudi nyumbani kumsimulia. Filamu zake za kwanza, kwa hiyo, alizitazama kwa masikio.

Hasara ya kweli haitajwi sana. Nakala ya awali, isiyo na sauti ya VJ, haipo tena. Diski ilijaa, filamu nyingine ilikuwa inasubiri kuhaririwa, ikabidi ya kwanza ifutwe. Wapo wanaosimulia hilo kama kituko. Diski ya kuhifadhia ingeongeza dola ngapi kwenye zile 200?

Wiki iliyopita nilimuuliza fundi wa kuchomelea mtaani kwetu, angenitengenezea bunduki ya filamu kwa bei gani, chuma chakavu nilete mwenyewe. Alicheka kwanza, akanitazama kama naumwa, kisha akataja shilingi 40,000, rangi juu yangu. Nikapiga hesabu kwenye simu. Bunduki kumi na tatu hivi, dola 200 zimekwisha, na kamera bado haijawashwa.

"Unataka ngapi, kaka?" akaniuliza.