Roboti ya kumtembeza mtoto: Goma itaifaa?

Video za watoto wenye mtindio wa ubongo wakitembea ndani ya roboti zinazunguka sana kwenye simu, na wazazi wa Goma wanauliza kwa nini watoto wao wanapewa fremu ya bomba ya kutembelea tu. Swali lao ni la haki, ila jibu lina pande mbili.

Mashine zinazotajwa zaidi ni Trexo ya Canada, yenye miguu ya mota inayofungwa kwenye fremu ya magurudumu, na ATLAS 2030 ya kampuni ya Kihispania Marsi Bionics, ambayo mtoto huvaa kuanzia kiwiliwili hadi nyayo. Zote mbili huongoza nyonga na magoti kwa hatua zilizopangwa.

Faida yake kubwa inaonekana kwa mtoto asiyeweza kushikilia kiwiliwili. Bila mashine, kumtembeza kunahitaji watu watatu: mmoja anashika mwili, wawili wamepiga magoti wakisogeza miguu. Wanachoka baada ya dakika chache, na hatua zinaharibika. Mashine inatoa mamia ya hatua zinazofanana katika nusu saa na kuzihesabu. Anayeiita pambo la matajiri hajawahi kushika vifundo vya miguu ya mtoto wa kilo 25.

Lakini kutembezwa si kujifunza kutembea. Mota zikifanya kazi yote, mtoto anakuwa abiria. Kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) lazima apunguze nguvu ya mota kadiri mtoto anavyosukuma mwenyewe. Tafiti zilizolinganisha roboti na mazoezi ya kawaida ya saa zilezile hazijaipa roboti ushindi wa wazi.

Tatizo kubwa, kwa maoni yetu, ni vipimo, hata kuliko bei. Ekseli ya mota lazima ikae sawa na goti la mtoto. Ikipanda sentimita 2 tu, mkanda wa paja unasugua ngozi kwa kila hatua, na mtoto asiyehisi vizuri hatalia. Kila baada ya zoezi avuliwe, akaguliwe. Wekundu usiopotea ndani ya nusu saa maana yake mkanda urekebishwe kabla ya kurudia. Mtoto wa miaka 6 anarefuka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, kwa hiyo vipimo vya Januari havifai Desemba. Goti lililokaza likakataa kunyooka linasukumana na mota hadi mashine ijizime. Nyonga nayo ipigwe picha ya eksirei kwanza, maana iliyoanza kuteguka inaweza kuzidi kuumia.

Halafu kuna Goma yenyewe. Magurudumu madogo yaliyotengenezwa kwa sakafu laini yanakwama kwenye makoro, yaani mawe ya lava, na vumbi la volkano linaingia kwenye beringi. Betri ya lithiamu ikizidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria kama mzigo wa kawaida, hivyo kuibadilisha si kazi ya wiki moja.

Atele (vifaa vya kushikilia mguu) za polipropileni, aina ya plastiki, mbinu iliyoenezwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, zinatengenezwa papa hapa, kwenye karakana ya Shirika la Umoja, kituo cha watu wenye ulemavu: ukungu wa plasta, bamba la milimita chache, tanuri la nyuzi 180 hivi. Fremu, mchomeleaji wa mtaa wa Birere anaiweza, mradi aambiwe iwe ya kuvuta nyuma ya mtoto. Ile ya kusukuma mbele inamfanya ainame. Vishikio vifike usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, na bomba liwe na matundu ya kurefusha. Hata hivyo, kwa yule mtoto asiyeshikilia kiwiliwili, fremu hii haisaidii kitu.

Kwa hiyo roboti moja kituoni, ikitumiwa na watoto wengi kwa zamu, tunaikubali. Ya nyumbani, hapana. Mfadhili akiileta, kabla ya kutia sahihi kituo kidai seti za mikanda za saizi zote, betri ya pili, mafunzo ya fundi wawili (mmoja akihama, abaki mwingine), na ruhusa ya kuifungua mashine bila kungoja mtu kutoka Ulaya.