Hiari inamfikia Kony, haifiki Bududa

Kwenye mazishi hapa Uganda, mhubiri akiulizwa kwa nini Mungu huacha maovu yatendeke, jibu huwa tayari: binadamu alipewa hiari, akaitumia vibaya. Mwanafalsafa wa Marekani, Alvin Plantinga, aliijenga upya hoja hiyo mwaka 1974: hata Mwenyezi hawezi kuumba viumbe walio huru kweli kisha awashurutishe kutenda mema tu.

Kwa Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), hoja inasimama, maana hakuna aliyemtuma kuteka watoto wa Acholi, kaskazini mwa Uganda. Hata mato oput, upatanisho wa Waacholi, haufanyiki mpaka mkosaji akiri kosa lake. Bila hiari, angekiri nini?

Dominic Ongwen ndiye anayeitikisa hoja hiyo. Alitekwa na waasi wa LRA akiwa na miaka tisa hivi, njiani kwenda shule, akakulia porini hadi akawa kamanda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61. Majaji walikataa utetezi kwamba alitenda kwa kushurutishwa, lakini walipomfunga miaka 25 walizingatia kutekwa kwake utotoni na kumpunguzia adhabu. Naona walipima vizuri kuliko wahubiri wetu. Lakini swali linabaki: ikiwa Mungu hakumzuia mtekaji kwa kuiheshimu hiari yake, hiari ya yule mtoto wa miaka tisa iliheshimiwa na nani?

Bududa, wilaya ya mashariki mwa Uganda, ni kazi nyingine kabisa. Machi 1, 2010, mvua kubwa iliporomosha udongo wa Mlima Elgon ukafukia kijiji cha Nametsi pamoja na kituo chake cha afya. Watetezi wa hiari husema watu walikata miti na kujenga miteremkoni. Ni kweli kiasi. Ila udongo huohuo wa volkano ndio unaowapa kahawa na ndizi, na mwenye kishamba kimoja cha urithi hana pengine pa kuhamia. Mtoto mchanga aliyefukiwa humo hakukata mti wowote.

Plantinga alilijua pengo hili. Akasema yawezekana majanga ya asili yanatokana na hiari ya pepo wabaya; kwake ilitosha kwamba jambo hilo linawezekana. Darasani sawa. Vijijini kwetu sikubali lihubiriwe, kwa sababu pepo akishatajwa kuwa chanzo cha msiba, watu huanza kumtafuta aliyemtuma, na anayeshukiwa kwanza ni bibi kizee anayeishi peke yake.