Tunaionea Injini ya D4

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam mnunuzi wa gari hupewa onyo lilelile, kwamba akimbie Toyota yenye injini ya D4 kwa kuwa inasumbua. Kwa maoni yangu injini hiyo inaonewa, kwani sehemu kubwa ya usumbufu huo hutokana na kaboni, yaani masizi yaliyoganda ndani ya injini, ambayo hakuna aliyejishughulisha kuiondoa.

Katika injini nyingi nozeli hupuliza petroli kwenye njia ya hewa, nayo petroli huziosha vali za kuingizia hewa muda wote gari linapotembea. D4, ambayo Toyota iliiingiza sokoni mwaka 1996, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali hizo hazioshwi na chochote, ilhali mvuke wa oili na moshi unaorudishwa kuchomwa upya huendelea kupita juu yake na kugandia kwenye chuma chenye moto. Nimewahi kushika vali ya namna hiyo: shingo yake ilikuwa imevimba kwa tabaka jeusi, gumu kama ukoko wa sufuria, ambalo ukucha haukuweza kulibandua.

Hewa isipopita vizuri, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, hupanda na kushuka, gari humisi kwa kukosa kuwaka sawasawa, nguvu hupungua mlimani na mafuta huliwa zaidi. Mwenye gari hubadilishiwa plagi, kisha koili, kisha pampu, na kaboni iko palepale.

Linaloniudhi zaidi ni dawa za kumimina kwenye tangi zinazouzwa kuwa ndiyo tiba. Zinaweza kusafisha nozeli, lakini dawa hiyo husafiri pamoja na petroli, na petroli ya D4 haizifikii vali hizo. Usafishaji wa kweli humlazimu fundi kufungua manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, kuhakikisha vali za silinda anayoishughulikia zimefungwa, kisha kukwangua kwa dawa na brashi, au kupuliza kwa kompresa chembe za maganda ya jozi (kokwa za walnut), ambazo hung'oa kaboni bila kukwaruza chuma na hufyonzwa papo hapo. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa na si rahisi kwa bei, na si kila gari linalomisi lina kaboni. Kwa hiyo, kabla hujalipa, mtake fundi apitishe kamera ndogo kwenye njia ya hewa, uzione vali hizo kwa macho yako.