Pishi ya Ngamiani na Njaa ya Yemen

Kila kumi la mwisho la Ramadhani, mchango wa Yemen ukitangazwa misikitini Tanga, hukosi kusikia: mbona hapa hapa mjini, mtaa wa Makorora, kuna watu wanafuturu kwa chai kavu?

Wenye hoja hiyo wana fikihi, sheria ya dini, upande wao. Madhehebu ya Shafii, tuliyo nayo wengi pwani, hayaruhusu zaka ihamishwe mji maadamu wanaostahiki wapo. Fitri, zaka ya kumaliza Ramadhani, ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, vibaba vinne, na itoke kabla ya sala ya Idi. Sina ubishi: pishi ya mtaa wetu wa Ngamiani iliwe Ngamiani.

Lakini mchango wa Yemen ni sadaka ya hiari, si fitri. Wa karibu hutangulizwa, sawa, ila hakuna aliyeifungia mjini. Na huyu wa karibu tunamsaidiaje? Usiku wa kuamkia Idi maskini yule yule anayejulikana na mtaa mzima hupigiwa hodi nyumba baada ya nyumba, kila mmoja na mfuko wake wa mchele. Kunakucha ana mchele tele, hana nazi, hana mafuta, hana nauli. Anaurudisha dukani kwa bei ya kutupa. Mwenye duka anaupima kwa kopo lile lile, anapitisha kiganja juu kuusawazisha, anaumimina kwenye gunia ulimotoka. Shukrani yetu ya Idi imemnufaisha muuza mchele! Shida ya jirani si Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, ni Mfunguo Nne, miezi mitatu baadaye, wakati hakuna anayemkumbuka.

Yemen ni habari nyingine. Huagiza nje karibu asilimia 90 ya ngano yake, na tangu vita vilivyoanza 2014 riali imeporomoka vibaya, hasa upande wa Aden. Sokoni unga upo. Mnunuzi ndiye hana kitu. Kwa hiyo hela kidogo hufika mbali, kuliko gunia la kusafirishwa kwa meli. Wenye ndugu Hadhramaut, huko huko Yemen, wanatuma miaka yote, na hakuna anayewauliza habari za Makorora.

Wanaohofia hela kuliwa njiani wana haki. Anayekusanya alete risiti, asome hesabu msikitini. Na masanduku yawe matatu: la fitri, la Yemen, na la jirani, hili la mwisho lisifunguliwe mpaka Mfunguo Nne.