Mita 30 au mita 12? Waya wa chini unadhulumiwa

Kituo cha mbali, kama zahanati au hifadhi ya wanyama, kikipata fedha za simu ya upepo, swali la kwanza mezani huwa mlingoti utakuwa wa mita ngapi. Anayesema 30 huonekana anaijali kazi. Anayesema 12 huonekana bahili. Kwa redio za HF, yaani za mawimbi mafupi yanayorudishwa chini na anga la juu, ambazo antena yake ni waya na zinahudumia eneo la kilomita 300 au 400, naona huyu wa pili anadhulumiwa.

Wanaotaka urefu wana sababu. Katika VHF, yaani mawimbi mafupi zaidi yanayokwenda moja kwa moja, wimbi hufika mbele kidogo tu ya upeo wa macho: kwenye tambarare, antena ya mita 10 huona kilomita 13 hivi, ya mita 40 huona 26. Urefu mara nne kwa umbali mara mbili ni ghali, lakini faida ipo. Hata katika HF, anayemtafuta mtu aliye kilomita 2,000 anahitaji wimbi linalotoka chini chini, na waya ulioinuliwa sana, au antena ya kusimama, humsaidia.

Ila zahanati haina shida na mtu wa kilomita 2,000. Inaitafuta hospitali iliyo nyuma ya milima. Kutoka vituo vya namna hiyo ndiko madaktari wa ndege wa AMREF, shirika la afya lililoanza mwaka 1957, walikoitwa kwa redio za HF. Hospitali ikiwa umbali wa kilomita 200, wimbi lazima lipande karibu wima, kwa pembe ya nyuzi 70 hivi, ligonge ayonosfia, tabaka la anga linalorudisha mawimbi ya redio, kilomita 250 hadi 300 juu, kisha lishukie upande wa pili wa mlima.

Sasa tupige hesabu. Kwenye masafa ya megahezi 5, urefu wa wimbi ni mita 60. Funga waya wa kulala mita 30 juu. Sehemu ya wimbi hushuka, hugonga ardhi na kurudi: 30 kwenda, 30 kurudi, jumla wimbi zima. Lakini ardhi ikilirudisha hulipindua, hivyo linalikuta lililotangulia kupanda likiwa kinyume chake, na yote mawili yanauana. Utosini, kule kule tunakokuhitaji, nguvu karibu inakwisha. Shusha waya hadi mita 15: safari inakuwa mita 30, nusu wimbi, na pamoja na ule upinduzi mawimbi mawili yanasukumana kwenda juu. Mita 12 hufanya karibu vilevile. Maana yake zile mita za chuma zilizoongezwa kwa gharama kubwa ndizo zinazomnyima muuguzi sauti. Waya wa chini pia hausikii sana radi za mbali, kwa kuwa kelele zake huja kwa pembe ndogo.

Waya wa chini una taabu zake, sikatai. Ukishuka mno, ardhi hula nguvu. Usiku masafa hushushwa, na megahezi 3 hudai waya wa pili wa mita 47 hivi kutoka ncha hadi ncha, pamoja na uwanja wa kuutandaza. Hifadhini kuna twiga, anayeweza kuzidi mita 5, na waya hulegea katikati.

Walio na mlingoti wa mita 30 tayari wasiung'oe. Antena ya VHF ibaki kileleni. Waya wa HF ufungwe kwenye kapi mita 12 kutoka chini, ncha zake zivutwe kwa kamba hadi kwenye nguzo mbili za miti.