Sinia la Mama Zuhura

Huu ni mwaka wangu wa 19 London, na nimezoea baridi, kodi ya nyumba, hata chai ya kutiwa maziwa yasiyochemshwa. Jambo nisilolizoea ni kudharauliwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe kwa sababu ya The Pogues.

Kosa langu ni kuipenda bendi hiyo iliyoanzia King's Cross mwaka 1982, mahali ambapo basi langu la kazini hupita kila asubuhi, ya watu waliochukua nyimbo za kale za Ireland wakazipiga kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na mbwa. Mke wangu, Mama Zuhura, anasema huo si muziki bali ni ugomvi wenye ala. Nikimuuliza akodiani ya James Fearnley wa bendi hiyo ina tofauti gani na ile ya taarabu ya kwao Unguja, hunijibu kwamba ile ya Unguja ina adabu.

Sibishi, adabu ilikuwa haba. Jina lao la kwanza, Pogue Mahone, limetokana na maneno ya Kiairishi yanayomkaribisha msikilizaji kuyabusu makalio ya msemaji, na lilikatwa baada ya wanaoielewa lugha hiyo kulalamika BBC. Nilimweleza mama mkwe historia hiyo kwa simu, kwa kuwa aliniuliza mwenyewe kwa upole ninasikiliza nini. Tangu siku hiyo salamu zangu hunifikia kupitia kwa binti yake.

Halafu kuna shauri la sinia. Spider Stacy, mpiga filimbi wao, alikuwa na desturi ya kujigonga kichwani jukwaani kwa sinia la bia, likawa ni ngoma ya pili. Jioni moja nikiwa naosha vyombo huku muziki umenipanda, nilijikuta nimeshika sinia la pilau ambalo mke wangu alilipakata kwenye ndege kutoka Unguja kama mtoto mchanga. Nilijigonga mara tatu tu, na nakiri kwamba ya tatu ilitoka nje ya mdundo. Sinia likabonyea katikati. Kichwa changu hakuna aliyekiulizia mpaka leo.

Lakini wanaoniudhi hasa ni majirani, ambao kwa miezi 11 hunigongea ukuta nikiongeza sauti kidogo, kisha ikifika Desemba wao wenyewe hupanda ngazi usiku wakiimba "Fairytale of New York" kwa maneno ya kubahatisha. Shane MacGowan, mwimbaji wa The Pogues aliyezaliwa Kent siku ya Krismasi ya mwaka 1957 kwa wazazi Waairishi, aliuimba wimbo huo na Kirsty MacColl, na Krismasi ya mwaka 1987 ukaishia nafasi ya pili kwa mauzo Uingereza, nyuma ya kundi la Pet Shop Boys. Waulize hao waimbaji wa ngazini mwaka ule walinunua santuri ya nani, uone watakavyotazama viatu vyao.

MacGowan alipofariki Novemba 2023, niliomba ruhusa kazini. Msimamizi akauliza marehemu ni nani wangu, nikaandika "jamaa", na kwa Kiswahili sikusema uongo. Maziko yalikuwa tarehe 8 Desemba huko Nenagh, Tipperary, nami nikayafuata kwenye simu nikiwa jikoni. Watu walipoanza kucheza kanisani, jeneza likiwa mbele yao, Mama Zuhura alisimama nyuma ya kiti changu bila neno, jambo ambalo nyumbani kwetu ni la kuogopesha.

"Marehemu alikuwa mlevi?" akauliza.

"Kidogo," nikamjibu.

Akaguna, akaondoka, akarudi na chai yangu juu ya lile sinia, kikombe kikiteleza kuelekea kwenye bonyeo.