Meli haisubiri foleni: mashine mpya za mpakani Ulaya na abiria wa kruzi

Novemba 2025 nilitua na mama mkubwa kwenye eapoti moja kusini mwa Ulaya, tumetoka Dar siku mbili baada ya harusi ya binti yake Tanga, na vidole vyake vilikuwa vimeiva hina mpaka kwenye ncha. Tulikuwa tunawahi meli. Ofisa wa mpakani akamwonyesha kwa ishara aweke vidole vinne kwenye kioo, akaweka, mashine ikakataa. Akapewa kitambaa apanguse, akapangusa, ikakataa tena. Akanigeukia kwa sauti ile ya kikwetu isiyojua kunong'ona: "Mwanangu, mwambie hii haitoki kwa kupangusa, itatoka yenyewe baada ya wiki tatu." Wakajaribu mkono mwingine, hola. Mwisho akaitwa mwenzake, wakamtazama uso, wakatazama picha, wakatazama viza, wakagonga muhuri akapita. Dakika kumi na moja kwa mtu mmoja, mi nilihesabu kwa sababu meli yetu ilikuwa inafunga mlango saa kumi jioni na nyuma yetu kulikuwa na foleni imejikunja mara nne.

Sasa tangu hapo kila mtu anayejua nimesafiri na meli ananiuliza swali moja, je hizi mashine mpya zitaua kruzi za Ulaya, yaani safari za kitalii za meli, au ni kelele tu za watu waliozoea kupita bila kuguswa? Jibu langu ni kwamba inategemea meli yako inaanzia wapi na inagusa bandari zipi, na nadhani huu ndo mjadala ambao wengi wanauruka wakakimbilia kulaumu mashine.

Kwanza tuwekane sawa. Mfumo wenyewe unaitwa EES, yaani mfumo wa kuandika wanaoingia na kutoka, sheria yake ilipitishwa 2017, ukaahirishwa weee, mwishowe ukawashwa 12 Oktoba 2025 na ukapewa miezi sita ya kuingizwa taratibu mpaka 10 Aprili 2026. Unatumika nchi 29 za eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mpaka kati yao, Ireland na Cyprus hazimo. Badala ya kugonga muhuri kwenye pasipoti, wanakusajili kwenye kompyuta, picha ya uso na alama za vidole vinne, tarehe uliyoingia na tarehe uliyotoka. Watoto chini ya miaka 12 hawatoi vidole, wanapigwa picha tu. Raia wa Umoja wa Ulaya na wa nchi za Schengen haiwahusu, na mwenye kibali cha kuishi cha nchi ya Schengen pia haimhusu, kwa hiyo Mtanzania anayeishi Ujerumani kwa kibali halali anapita zake, ila mimi niliye na pasi ya Uingereza nasimama foleni kama mgeni mwingine yeyote. Ndo matunda ya Brexit hayo, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya.

Kwa ndugu zangu wa pasi za Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zetu kuna kitu cha kuchekesha kidogo. Magazeti ya Uingereza yaliandika kuhusu kuchukuliwa alama za vidole kama vile dunia imegeuka juu chini, wakati mtu wa Dar au Nairobi alishatoa vidole vyote kumi zamani, siku aliyokwenda kuomba viza. Alama zile zinaweza kutumika tena kwa maombi ya viza nyingine ndani ya miezi 59. Kwa hiyo mwenye viza hasajiliwi vidole upya mpakani, anapigwa picha ya uso na vidole vyake vinalinganishwa na vile alivyotoa kwenye viza. Ndo pale mama mkubwa alipokwama, vidole vya viza vilikuwa havina hina, vya mpakani vina hina. Mfumo umejengwa kwa watu ambao hawachezi harusi, au tuseme hivyo.

Haya, turudi kwenye meli. Sheria ya mipaka ya Schengen ina kifungu maalumu cha kruzi na kipo miaka mingi kabla ya hizi mashine. Nahodha anatakiwa apeleke orodha ya abiria na wafanyakazi angalau masaa 24 kabla ya kufika. Kama meli inazunguka bandari za Schengen tu, mfano Barcelona, Marseille, Genoa, Naples na kurudi Barcelona, hakuna ukaguzi wa mpaka kati ya bandari na bandari. Ndo safari tuliyochukua sisi, na siku ya pili mama mkubwa aliteremka Marseille akiwa tayari ameficha mikono ndani ya mtandio, akapita getini na kadi yake ya meli, kisha akaniuliza mbona leo hakuna ile mashine yao. Hakuna, mama, ulishaingia.

Upande wa pili kuna meli zinazoanzia na kumalizikia nje ya Schengen. Mzee wa Kiingereza anapandia Southampton, anakwenda kuangalia milima ya Norway au kula Lisbon mchana mmoja, anarudi Southampton. Serikali ya Uingereza yenyewe imewaambia watu wake kwamba safari za namna hiyo kwa kawaida hazipitii EES, hata kama unashuka kutembea mchana. Lakini meli hiyohiyo ikianzia Southampton ikamalizikia Barcelona, utasajiliwa. Na yule anayepanda feri pale Dover anakutana na polisi wa Ufaransa walioko upande wa Uingereza, naye anasajiliwa. Bahari moja, watu walewale, masharti matatu tofauti.

Hapo wakosoaji wana hoja yenye meno. Wanasema kama hili jambo ni la usalama, kwa nini maelfu wa kwenye meli ya Southampton wapite kwa orodha ya majina halafu bibi aliyeruka na ndege asubiri masaa mawili? Wanaotetea wanajibu, na mi naona wana haki kiasi, kwamba abiria wa meli ya kwenda na kurudi anahesabiwa akishuka na akipanda, kampuni inajua nani hajarudi kabla kamba haijafunguliwa, yaani kuna mtu wa kuwajibika. Anayetua kwa ndege hana anayemhesabu. Sawa, nakubali, lakini basi na wao wakubali kwamba uzito wote wa foleni wameupeleka eapoti, na eapoti ndo mahali ambapo abiria wa kruzi ana nafasi ndogo zaidi ya kuchelewa.

Maana ndege ikikuacha kuna nyingine kesho. Meli ikikuacha ipo kwenye bandari ya nchi nyingine kesho. Unaifuata kwa nauli yako, hoteli yako, na kama ulinunua tiketi ya ndege mwenyewe badala ya kupitia kampuni ya meli, wengi watakwambia pole na kwaheri. Lisbon ndo mfano unaotajwa sana, foleni pale zilifika masaa kadhaa mpaka Ureno ikausimamisha mfumo kwenye eapoti hiyo kwa miezi mitatu kuanzia mwisho wa Desemba 2025, na Lisbon ni bandari ya kruzi. Na katika ile miezi ya mpito kazi ilikuwa mara mbili, mashine inakuchukua uso na vidole na ofisa bado anagonga muhuri, kama alivyofanyiwa mama mkubwa.

Bandarini penyewe hesabu ikoje? Chukua meli ya watu 3,000 inatoka Kuşadası Uturuki usiku, asubuhi inaingia kisiwa cha Ugiriki. Tuseme nusu si raia wa Ulaya, watu 1,500. Wote wakiwa wapya, kila mmoja dakika 2, mashine 10, hapo umeshapata masaa 5, na meli inaondoka jioni. Siku imeisha hujala hata samaki mmoja. Ila kiukweli wengi wa hao 1,500 waliingia Ulaya kwa ndege kabla ya kupanda, wameshasajiliwa, kinachobaki ni kuwahakiki tu. Weka nusu dakika kila mmoja, inakuwa saa moja na robo. Namba hizi ni zangu za kukadiria kichwani, lakini zinaonyesha kitu cha kweli, kinachochelewesha sana ni usajili wa mara ya kwanza. Rekodi inakaa miaka 3 tangu safari ya mwisho, kwa hiyo anayesafiri kila mwaka ataona foleni zinapungua. Anayedunduliza akiba akapanda meli kila baada ya miaka minne, huyo kila safari ni mgeni mpya.

Na bandari hazifanani. Barcelona ina majengo makubwa, unaweza kupanga mashine na viyoyozi. Nenda Santorini, meli kubwa zinatia nanga nje, watu wanashushwa kwa boti ndogondogo chini ya jabali, halafu kuna njia ya kebo na punda. Mashine utaweka wapi? Sheria inaruhusu ukaguzi ufanyike ndani ya meli, na hata maofisa wasafiri nayo ikiwa njiani kama nchi husika zimekubaliana, na mi ningependa kuona hilo likifanyika sana kuliko hizi habari za kuongeza vioo vya vidole. Watu wako baharini usiku mzima hawana la kufanya zaidi ya kula, wasajili hukohuko. Frontex, shirika la mipaka la Umoja wa Ulaya, nao wametengeneza programu ya simu ya kujaza taarifa na picha mapema, lakini haichukui vidole na kila nchi inaamua kama inaitumia au la.

Nisionekane napinga tu. Muhuri wa wino haukuwa mtakatifu. Nimeona pasipoti muhuri wa Ugiriki umegongwa juu ya muhuri wa Italia na tarehe haisomeki, halafu mtu anaulizwa thibitisha hujazidisha siku 90 ambazo mgeni anaruhusiwa kukaa kati ya kila siku 180. Utathibitisha na nini, picha za Instagram? Ofisa akisahau kugonga wakati unatoka, mzigo ni wako. Kompyuta inahesabu yenyewe, na mtu aliyefuata sheria anapaswa kuifurahia. Pia mjanja mwenye pasipoti mbili za majina mawili sasa vidole vinamsema.

Lakini kompyuta nayo inaweza kukosa nusu ya habari, na hapa ndo abiria wa meli awe macho kuliko wa ndege. Kama ulitua Roma, ukapanda meli Civitavecchia, ukamalizia Istanbul ukaruka nyumbani kutoka huko, ni lazima kutoka kwako kuwe kumeandikwa kwenye bandari ya mwisho ya Schengen. Kusipoandikwa, mfumo unakuona bado uko ndani, siku 90 zikipita unawekwa kwenye kundi la waliozidisha muda na rekodi hiyo inakaa miaka 5, na polisi na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, wanaweza kuomba kuziona hizi taarifa wakichunguza ugaidi na makosa makubwa. Sheria inakupa haki ya kuleta ushahidi irekebishwe, tiketi, kadi ya meli, chochote. Mwenye pasi ya Uingereza akikutwa na hilo ataona usumbufu. Mwenye pasi ya kwetu Afrika Mashariki ataliona siku ya kuomba viza nyingine, ameshalipa euro 90. Kwa hiyo usitupe karatasi za meli.

Na viza yenyewe. Ile ya kuingia mara moja ndo mtego mkubwa kwa watu wetu kwenye kruzi kuliko hata hizo mashine. Meli ikigusa Tunis, Kotor ya Montenegro au Kuşadası, umetoka Schengen, na kurudi ni kuingia mara ya pili. Dubrovnik sio tatizo tena tangu Kroatia ijiunge 2023. Zamani mtu alikuwa anaweza kubahatisha, siku hizi sheria ya EES inazitaka kampuni za usafirishaji, za meli zikiwemo, kuuliza kwenye mfumo kama mwenye viza ya mara moja au mbili ameshaitumia, na jibu linakuja anapita au hapiti. Ndugu zetu wa Muscat wana unafuu, tangu 2024 Waomani wanapewa viza ya miaka mitano ya kuingia mara nyingi. Sisi bado.

Kuna na vijana wetu wa Mombasa wanaofanya kazi humohumo kwenye meli, jikoni na vyumbani. Hao wakishuka kutembea mji wa bandari hawahitaji kupita mpakani ilimradi wako kwenye orodha ya wafanyakazi. Shida yao ni siku za kujiunga na kuacha meli. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua 2020 kwenye kesi ya mabaharia wa Rotterdam kwamba baharia aliyejiunga na meli iliyoegeshwa muda mrefu anagongewa muhuri wa kutoka pale safari ya meli inapokaribia kweli, sio siku anayopanda. Maana yake siku za gatini zinaliwa kwenye zile 90, na sasa anayezihesabu ni kompyuta.

Ukiniuliza mi nifanyeje, fika mji wa bandari siku moja kabla, ndo bima ya bei rahisi kuliko zote. Mama mkubwa ameshaniambia safari ijayo anataka Uturuki iwemo, kwa hiyo tunaomba viza ya kuingia mara nyingi na tunaomba Mungu. Tatizo jingine ni kwamba mdogo wake bi harusi naye ameshachumbiwa, na wameanza kutaja mwezi uleule wa Novemba.